Kuvunjika kwa Koleo: Habari za Akina Mama Washonaji wa Alabama

Wazee walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno hayo ni mepesi kutamka wakati koleo ni zima na liko mkononi. Uzito wake huonekana siku linapokatika, moto ukiwa unawaka, chuma kikiwa chekundu, na mwenye jembe amesimama mlangoni akilingoja. Siku hiyo ndipo mhunzi hujulikana. Na kama kazi ni ya watu wengi, taabu huzidi, kwa maana kila mmoja huutazama mkono wa mwenzake akitafuta ni nani aliyelivunja.

Habari zifuatazo ni za wanawake wakulima wa Marekani, katika jimbo la Alabama, walioungana kushona mifarishi na kuiuza. Kazi yao ilipatwa na shida nyingi, nyingine kutoka nje na nyingine kutoka katika mishono yao wenyewe. Walakini chama chao kilidumu miaka 46, na hata kilipofungwa, kazi ya mikono yao haikupotea. Yeyote aliye katika chama cha ushirika, au kikundi cha akina mama, au kamati ya shule, atapata humo jambo la kufikiri.

MFARISHI NI KITU GANI

Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika wakati wa baridi, nayo ina tabaka tatu. Ya juu ni vipande vingi vya nguo vilivyounganishwa. Ya katikati ni pamba. Ya chini ni kitambaa cha kufunika pamba hiyo. Kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopita kila mahali, ili pamba isikusanyike upande mmoja. Akina mama maskini wa Alabama walitumia suruali kuukuu za shambani, magunia ya unga na ya mbolea, na magauni yaliyochakaa. Hakuna kitambaa kilichotupwa kama bado kina sehemu nzima.

Vipande vya juu mwanamke aliweza kuviunga peke yake, jioni, karibu na moto. Lakini kushona tabaka zote pamoja ni kazi ya watu wengi. Mfarishi hutandazwa katika kiunzi cha miti minne, na wanawake huketi pande zote, kila mmoja na sindano yake. Hapo huzungumza, huimba na kuombeana. Kazi ambayo ingemchosha mmoja kwa siku nyingi huweza kumalizika upesi.

Kazi ya namna hii huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kipimo. Mshonaji mmoja akikosea thumni ya inchi tu katika kila kipande, na vipande viko 20 katika mstari, mstari huo utapungua inchi 2 na nusu, wala hautalingana na mstari wa jirani yake. Njia ya pili ni mkono. Mmoja huvuta uzi sana, mwingine huulegeza, na mfarishi ukitolewa katika kiunzi hujikunja kama jani lililokaukiwa. Ya tatu ni kitambaa chenyewe. Kitambaa kipya kisichofuliwa kabla ya kushonwa hurudi kikifuliwa, nacho huwavuta wenzake. Na chekundu huweza kuchuja rangi na kuchafua cheupe kilicho karibu.

Ubaya wa makosa haya ni kwamba hayaonekani upesi. Kila mmoja hukiona kipande chake kuwa ni kizuri. Kosa hutokea wazi wakati vipande vinapokutana, na wakati huo saa nyingi za kazi zimekwisha tumika.

WATU WA MTO ALABAMA

Katika wilaya ya Wilcox, Mto Alabama hupinda na kuizunguka nchi pande tatu. Mahali hapo huitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee, aliyeanzisha shamba la pamba huko mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba hilo lilichukuliwa na mtu aitwaye Mark Pettway, pamoja na watumwa wake. Utumwa ulipokwisha, wengi wa watu wale walibaki palepale wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na hata leo jina la Pettway ni la familia nyingi za huko.

Mwaka 1932 watu hao walipatwa na msiba mkubwa. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka sana, nao walikuwa na deni kwa mfanyabiashara wa mji wa Camden. Alipokufa, jamaa zake walikuja kudai, wakachukua nyumbu, ng'ombe, majembe na hata mahindi yaliyokuwa ghalani. Msalaba Mwekundu ulileta chakula ili watu wasife kwa njaa. Baadaye kidogo, katika miaka ya 1930 na 1940, serikali ya Marekani ilinunua ardhi ya shamba lile, ikawajengea watu nyumba na kuwauzia mashamba kwa mkopo. Basi wengi wa Gee's Bend wakawa wenye ardhi yao wenyewe, jambo ambalo Wamarekani weusi wengi wa wilaya hiyo hawakulipata.

Tofauti hiyo ilionekana katika mwaka 1965. Mwanzoni mwa mwaka huo hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura katika wilaya ya Wilcox, ijapokuwa weusi ndio waliokuwa wengi. Mwezi Februari Martin Luther King alifika Gee's Bend, na watu wakaenda Camden kujiandikisha. Feri ya kuvukia mto ilikuwa imekwisha simamishwa tangu 1962, kwa hiyo mji ambao ungeonekana ng'ambo ukawa safari ndefu ya kuzunguka kwa barabara. Wapangaji waliokuwa wakikaa katika mashamba ya watu wengine walifukuzwa katika nyumba zao kwa sababu ya kujiandikisha. Mtu alipoteza shamba, nyumba na mkopo wa dukani kwa siku moja.

KAMBA YA NGUO

Mwezi wa Desemba 1965, kasisi mmoja Mzungu wa kanisa la Kiepiskopali, Francis X. Walter, alikuwa akisafiri katika wilaya hiyo kuandika habari za watu waliofukuzwa. Akaona mifarishi imeanikwa juu ya kamba ya nguo, yenye rangi kali na mitindo ambayo hakupata kuiona. Alisimama akaenda kuuliza. Lakini mwanamke wa nyumba ile alipoona Mzungu anakuja, alikimbia akaingia mwituni. Kwa mambo yaliyokuwa yakitendeka siku zile, hakuna wa kumlaumu.

Hivyo ndivyo shauri hilo lilivyoanza: mnunuzi anakuja, na muuzaji anakimbia. Kasisi hakukasirika wala hakukata tamaa. Alirudi pamoja na watu wanaojulikana mahali pale, akapata msaada mdogo wa fedha, akanunua mifarishi kwa dola 10 kila mmoja ili ikauzwe New York kwa mnada. Tarehe 26 Machi 1966, wanawake zaidi ya 60 walikutana katika kanisa la Antioch Baptist, mjini Camden, wakaunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, yaani chama cha washonaji mifarishi wa uhuru. Kesho yake mnada wa kwanza ulifanyika New York.

Mmoja wa viongozi wake wakubwa alikuwa Bibi Estelle Witherspoon, aliyekisimamia chama kwa miaka mingi. Makao ya chama yalikuwa Rehoboth, karibu na Alberta, si mbali na Gee's Bend.

KIPIMO CHA DUKA

Mara habari zikaenea. Watengenezaji wa nyumba za matajiri wa New York waliipenda mifarishi ile, magazeti ya mitindo yakaitangaza, na maduka makubwa kama Bloomingdale's yakataka kuiuza. Mtu angedhani kwamba taabu zimekwisha. Kumbe taabu ya ndani ndiyo kwanza inaanza.

Mwanamke wa Gee's Bend alikuwa amezoea kushona kwa kadiri ya nguo alizonazo. Kitambaa cha bluu kikimwishia, aliingiza cha kahawia. Mstari ukielekea kupinda, aliuacha upinde, kisha akaweka kipande kingine cha kuurudisha. Kila mfarishi ulikuwa na sura yake, kama watoto wa nyumba moja. Lakini duka likitangaza mfarishi wa namna fulani, mteja hutaka upate kuwa sawasawa na ule aliouona: upana uleule, rangi zilezile, mishono ya kulingana. Washauri wa biashara walisaidia kuchagua mitindo michache, na vipimo vikawekwa. Kitambaa kikawa kipya badala ya kuukuu.

Hapo palikuwa na uchungu wa kweli. Mwanamke aliyeshona tangu utoto wake, akafundishwa na mama yake, aliyefundishwa na bibi yake, sasa anaambiwa kwamba mshono wake haulingani na kipimo. Wengine hawakuupenda utaratibu huo, wakaendelea kushona nyumbani kwa njia yao. Wengine walijifunza. Na wote wawili walikuwa na haki. Aliyejifunza kipimo alileta fedha nyumbani wakati ambapo kibarua kilikuwa haba na mkopo wa dukani umefungwa. Aliyekataa aliihifadhi sanaa ya wazee wake.

Mkulima wa kahawa ataielewa habari hii bila kuelezwa sana. Buni za kila mkulima zikifika kiwandani hazina budi kuchambuliwa, kwani chache mbichi au mbovu zikiingia huharibu sifa ya zote. Mtu huyarudisha nyumbani matunda yaliyokataliwa, na moyo humwuma, kwa sababu ameyachuma kwa jasho lake. Walakini kama hakuna uchambuzi, bei huanguka kwa kila mtu. Kukataliwa kwa buni si kukataliwa kwa mkulima. Vivyo hivyo kufumuliwa kwa mshono si kumfumua mshonaji. Chama ambacho wanachama wake hawatofautishi mambo haya mawili hakidumu.

NYUMBA YA KUSHONEA

Fedha zilizopatikana hazikugawanywa zote. Chama kilinunua ardhi ekari 23, na mwaka 1969 kikafungua nyumba yake ya kushonea, iliyopewa jina la Martin Luther King, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Sehemu ya ardhi hiyo iliuzwa kwa familia nane zilizokuwa zimefukuzwa katika nyumba zao. Jambo hili lastahili kukumbukwa kuliko sifa zote za magazeti. Mfarishi uliotengenezwa kwa nguo kuukuu ukageuka kuwa kiwanja ambacho hakuna mtu awezaye kumfukuza mwenyewe. Wale walioketi kuzunguka kiunzi kimoja wakawa majirani katika ardhi moja.

Mwaka 1972 chama kilipata kazi ya kushonea kampuni ya Sears, Roebuck foronya za mito kwa kodrai, kile kitambaa kinene chenye mistari iliyoinuka. Kazi hiyo ilileta mshahara wa hakika, lakini haikuwa na furaha ya mfarishi. Ni foronya baada ya foronya, zote za namna moja. Mwenye kutazama upande wa ubaya angesema kwamba wasanii wamegeuzwa kuwa mashine.

Lakini foronya zikikatwa, vipande vya kodrai hubaki. Wanawake waliwachukua wenzao hao walioachwa sakafuni, wakaenda navyo nyumbani, wakaviunga jioni kuwa mifarishi yao wenyewe, ya rangi ya dhahabu, ya kijani, ya kahawia na nyekundu. Kodrai ni nene, haikubali vipande vidogo vidogo vya mapambo. Kwa hiyo waliikata kwa vipande vikubwa, na mifarishi hiyo ikawa na uzuri wa namna mpya. Mchana waliwatumikia wateja kwa kipimo cha wateja. Usiku walijitumikia wenyewe. Kazi isiyo na ladha ndiyo iliyowapa nguo za kazi yenye ladha.

CHAMA KUFUNGWA, SIFA KUENEA

Haifai kuficha kwamba chama kilidhoofika. Washonaji walizeeka, vijana wakaenda mijini kutafuta kazi, na vitu vya bei rahisi vilivyotengenezwa kwa mashine vikajaa madukani. Bibi Witherspoon alifariki mwaka 1998. Mwaka 2012 chama kilifungwa rasmi.

Lakini kabla ya kufungwa huko, jambo la ajabu lilikuwa limetokea. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika nyumba ya sanaa ya Houston, kisha katika nyumba ya Whitney mjini New York. Watu walikuja kwa wingi kuitazama, na wajuzi wa sanaa wakaisifu kuwa ni miongoni mwa kazi bora zilizotoka Marekani. Na mifarishi iliyosifiwa hasa ni ile ya nyumbani: yenye mistari iliyopinda, yenye kahawia palipotazamiwa bluu, na ile ya mabaki ya kodrai. Yale ambayo duka lingeyaita makosa yalitundikwa ukutani. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stampu kumi zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka huohuo feri ilirudi mtoni, baada ya miaka 44.

Sifa nayo ilikuja na magomvi yake. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai haki zao katika mauzo na matumizi ya mitindo yao, na mashauri hayo yakamalizika kwa mapatano mwaka uliofuata. Hata neema yahitaji hesabu iliyo wazi. Mwaka 2015 washonaji watatu wa Gee's Bend, Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway, walipewa heshima kubwa ya taifa kwa ajili ya sanaa ya jadi.

FUNDISHO LAKE

Watu wengi hudhani kwamba kuwa na moyo mkunjufu wakati kazi imeharibika ni kucheka na kusema, "Haidhuru." Sivyo. Mfarishi uliokunjamana haunyooki kwa kuambiwa haidhuru. Moyo mkunjufu ni kukubali kuuweka tena juu ya kiunzi, kutafuta mshono uliovuta, kuufumua, na kuushona upya, bila kumfanya mwenye mshono huo kuwa adui.

Jambo la kwanza, basi, ni kutazama kosa kabla ya kumtazama mtu. Kikundi kikianza kwa kuuliza, "Ni nani?" kila mmoja huficha kazi yake. Kikianza kwa kuuliza, "Ni wapi?" kosa huonekana upesi. Mara nyingi tena huonekana kwamba lawama ni ya wote, kwa kuwa hakuna kipimo kilichokubaliwa mwanzoni. Kipande kimoja cha karatasi ngumu, kilichokatwa vizuri na kutumiwa na wote, chaweza kuepusha magomvi ya mwaka mzima.

La pili ni kufumua mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kufumua mishono ya saa moja ni uchungu mdogo. Kufumua kazi ya mwezi huvunja urafiki. Kwa sababu hiyo vipande hulinganishwa vikiwa bado vichache, kabla kiunzi hakijafungwa.

La tatu ni kutambua ni kosa gani la kurekebisha na ni lipi la kuachia. Mfarishi ulioagizwa na mnunuzi lazima ufuate agizo, kwa sababu ahadi imetolewa. Lakini mfarishi wa kumfunika mtoto nyumbani hauhitaji kulingana na wa jirani. Mwenye kudai kila kitu kiwe sawasawa huwachosha wenzake bure, na huenda akawa anafuta jambo ambalo siku moja lingekuwa fahari yao.

La nne ni kutunza mabaki. Katika kila kazi iliyoharibika hubaki kitu: ujuzi, kitambaa, fedha kidogo, au watu waliozoeana. Chama cha Rehoboth hakipo tena, lakini familia nane zilipata viwanja vyao, na kazi ya washonaji wa nchi ile imetundikwa katika nyumba kubwa za sanaa. Ni wazi kwamba kufungwa kwa mlango wa nyumba ya kushonea si kushindwa kwa wale walioingia humo kwa miaka 46.

Mwanamke yule aliyekimbilia mwituni Desemba 1965 alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Lakini mifarishi ilibaki pale kambani, ikipepea, nayo ikamsemea hata aliporudi. Kazi njema ya mikono, hata ikiwa imeungwa kwa magunia na nguo kuukuu, hungoja siku yake. Linalotakiwa kwa wafanyaji ni wasiikate kamba kwa hasira ya siku moja. Koleo hutengenezeka, na uhunzi, kama wahunzi wangali pamoja, huendelea.